Nani Kaniloga?
Mhadhara uliotolewa Frere Town, Mombasa, baina ya Magharibi na Isha

 

Tangaza mhadhara wa mirathi, safu mbili hazijai. Tangaza wa sihiri, mtu hapati pa kuvulia viatu. Silaumu. Kila aliyekuja ana lake. Yuko mwenye binti ambaye kila posa yake inavunjika, yuko mwenye kibanda ambacho pesa hazikai, yuko mwenye mtoto anayeamka usiku akipiga mayowe. Na hakosi mmoja aliyekuja kuhakikisha kwamba jirani yake fulani naye amekuja, ili ayasikie. Huyu wa mwisho ndiye niliyemjia hasa.

Ukitoka Kengeleni ukaelekea Kisauni, au ukashuka upande wa soko la Kongowea, zisome nguzo za stima. Mganga kutoka Pemba. Mwengine wa Tanga. Mwengine wa Sumbawanga. Anarudisha mume aliyetoroka, anashindisha kesi, anafungua nyota, anazuia chuma ulete, anaosha mikosi, na chini ya maneno hayo pana namba ya simu. Zamani mtu alikwenda kwa mganga baada ya magharibi, amejitanda buibui asijulikane. Siku hizi hatoki nyumbani: anatuma pesa kwa simu, anasomewa kwa simu, na wiki ya pili akiambiwa karogwa upya anatuma nyingine. Ndugu zetu wa bara nao wanaivumisha biashara hii bila malipo, maana kwao kila paka wa Mombasa ni jini na kila mwanamke mzuri ana kwato.

Hao wenye mabango wanauza vitu viwili. Cha kwanza ni dawa, yaani hirizi, kombe, mafusho na maji ya kuoga. Cha pili ni jina. Mteja anataka kujua nani. Nani kaniloga? Na mganga, hata akiwa hajui kitu chengine, anajua kwamba akishindwa kutoa jina mteja atahamia kwa mwenziwe. Nimekuja kusema kwamba dini yetu imekuruhusu kutafuta kinga, tena imekupa bure, lakini hilo jina imekukataza kulitafuta. Na kwa ninavyoona mimi, madhara makubwa ya uchawi katika pwani hii yanatoka kwenye jina kuliko yanavyotoka kwenye sihiri yenyewe.

Tuanze na msingi: je, sihiri ipo? Ipo. Aya ya 102 ya Suratul Baqara inataja mashetani waliowafundisha watu sihiri, inawataja Haruta na Maruta kule Babeli, na inataja kazi ambayo wateja wa leo bado wanaiagiza, ya kumtenganisha mtu na mkewe. Lakini aya hiyo hiyo, kabla haijamaliza, inasema kwamba wenye sihiri hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Watu wengi wanaikumbuka nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo inayomwezesha mtu kulala usingizi.

Kisha kuna kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni. Katika Suratul Aaraf tunaambiwa kwamba waliyaroga macho ya watu, na katika Taha kwamba kamba na fimbo zao zilionekana kana kwamba zinakwenda. Zilionekana tu. Hapo ndipo wanavyuoni walipogawanyika. Abu Bakr al-Jassas, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi aliyefariki mwaka 370 wa Hijria, aliona sihiri ni mazingaombwe na ulaghai, haigeuzi kitu. Mu'tazila walikwenda njia hiyo, na karne nyingi baadaye Muhammad Abduh wa Misri naye hakuikubali hadithi ya kurogwa kwa Mtume. Jumhuri ya Ahlu Sunna wamesema kwamba sihiri iko aina nyingi, nyingine ni kiini macho, nyingine ina athari ya kweli ya maradhi au ya chuki baina ya watu, na zote haramu. Sisi watu wa pwani ni Mashafi, na mimi niko na jumhuri. Ila nawaambia vijana wanaocheka kila kinachotajwa kwamba wakicheka wasidhani wamezua jambo jipya, wametanguliwa na watu waliosoma kuliko wao.

Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliyataja maangamizi saba, na sihiri akaiweka ya pili, baada tu ya ushirikina. Iliwekwa kabla ya kuua na kabla ya riba. Anayekwenda kumroga mwenzake asijiambie kwamba amefanya kosa dogo la hasira.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye hadithi moja, kwa sababu ndiyo iliyonileta.

Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume alirogwa na mtu aitwaye Labid bin al-A'sam, wa ukoo wa Banu Zurayq. Ikafika hadi anadhani amefanya jambo na hakulifanya. Hapa wanavyuoni kama Qadhi Iyadh wamefafanua kwamba athari hiyo ilikuwa katika mwili na mambo ya kawaida ya dunia, haikugusa wahyi wala ujumbe. Mtume akaomba, akaomba tena. Kisha akamwambia Bi Aisha kwamba Mola wake amemjibu. Wamekuja wawili, mmoja akakaa kichwani na mwengine miguuni, wakaulizana: huyu ana nini? Amerogwa. Nani kamroga? Labid. Kwa kitu gani? Kwa kitana na nywele zilizong'oka katika kuchana, ndani ya kole la mtende dume. Kiko wapi? Kisimani, Dharwan.

Tazameni alichokuwa nacho. Alikuwa na jina, na jina hilo halikutoka kwa mpiga ramli wala kwa mwenye pepo kichwani, lilitoka mbinguni. Alikuwa na kidhibiti, na mahali kilipo. Alikuwa ndiye mtawala wa Madina, mwenye watu ambao angewaonyesha kidole tu. Akaenda kisimani pamoja na masahaba, akayaona maji yamekuwa kama maji ya hina na mitende yake inatisha. Aliporudi, Bi Aisha akamuuliza kwa nini jambo lile lisitolewe hadharani. Akajibu, kwa maana ya maneno yake, kwamba Mwenyezi Mungu ameshamponya, na amechukia kuwaletea watu shari kwa jambo hilo. Akaamuru kisima kifukiwe. Labid hakuandamwa.

Riwaya zinatofautiana kama kile kitu kilitolewa au kilifukiwa pale pale, na nje ya Bukhari kuna mapokezi yanayotaja mafundo 11 yaliyofunguka moja moja kwa aya 11 za Falaq na Nas, tano na sita. Wataalamu wa hadithi watazungumza juu ya sanadi hizo. Lakini katika lililo sahihi hakuna tofauti kwamba mgonjwa alipona na mtaa haukuwashwa moto. Aliyelijua jina kwa yakini hakulitumia. Sisi tunaolipata kwa shilingi mia tano tunalitumia siku hiyo hiyo.

Hebu tulione linavyopatikana. Mganga wa kitabu, ambaye kwetu anaheshimika kuliko mganga wa tunguri kwa sababu ana msahafu mezani, anakuuliza jina lako na jina la mama yako. La baba halitaki. Kisha anafungua kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashar, mnajimu wa Balkh aliyeishi Baghdad katika karne ya tatu ya Hijria, au Shamsul Maarif ya al-Buni. Anahesabu abjadi. Tuseme wewe ni Ali na mama yako ni Fatuma. Ali ni ain, lam, ya: 70, 30 na 10, jumla 110. Fatuma ni fa, alifu, twa, mim, ha: 80, 1, 9, 40 na 5, jumla 135. Jumlisha, 245. Toa kumi na mbili kumi na mbili mpaka zisitoke tena, zinabaki 5. Hesabu buruji: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi. Nyota yako ni Asadi, Simba. Mwenye nyota hii, unaambiwa, ana mkono wa kupata na jicho la watu limemkalia, na adui yake ni mtu wa karibu.

Ni hesabu safi, sina ugomvi nayo kama hesabu. Lakini maana yake ni kwamba kila Ali mwana wa Fatuma, awe wa Majengo, wa Likoni, wa Lamu au wa Muscat, azaliwe Rajabu au Shaabani, awe mvuvi au mhasibu bandarini, ana nyota moja na adui mmoja wa karibu. Na nani asiye na mtu wa karibu? Mganga hana haja ya kumtaja. Anasema ni mwanamke, si mrefu si mfupi, mnaingiliana vyombo. Jina unalitia wewe mwenyewe, ukiwa ndani ya matatu unarudi nyumbani.

Wapiga ramli nao wana hoja, na nisiwadhulumu. Wanasema iko hadithi katika Sahihi Muslim kwamba kulikuwa na nabii akipiga mistari, na anayeafikiana na mistari yake huyo amepata. Wengine wanasema nabii huyo ni Idrisa. Hadithi ipo. Imam Nawawi ameifafanua: ruhusa imefungwa kwa kuafikiana na mistari ya nabii yule, na hakuna leo mwenye elimu ya yakini ya kuafikiana huko, basi haijuzu. Na katika Muslim huyo huyo imekuja kwamba anayemwendea mpiga bao akamuuliza jambo, sala yake ya siku arubaini haikubaliwi. Ukimsadiki, hadithi nyengine ni kali zaidi ya hiyo.

Nije kwenye sheria, maana wako wanaosema: lakini mchawi hukumu yake si kuuawa? Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar amri ya kuwaua wachawi, na maimamu wengine wameishika. Imam Shafi amepambanua. Mtu huulizwa aieleze sihiri yake. Ikiwa ndani yake mna ukafiri, ni kafiri, ikiwa hamna, ni mwenye dhambi kubwa lakini hakutoka katika Uislamu. Na katika Minhaj ya Nawawi, kitabu ambacho mashekhe wetu wamekisomesha pwani hii vizazi na vizazi, mumeandikwa jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye zile nguzo za stima: kuua kwa sihiri kunathibiti kwa kukiri mwenyewe tu, hakuthibiti kwa mashahidi. Sababu wameieleza. Shahidi anashuhudia alichokiona, na nia ya mchawi pamoja na athari ya sihiri havionekani kwa macho. Waadilifu wawili wanaosali safu ya mbele, wakija mbele ya kadhi kusema fulani kamuua fulani kwa uchawi, kadhi wa Kishafi anawarudisha. Sasa ndoto ya shangazi itakuwaje ushahidi? Na pepo aliyepanda kichwani kwa msichana wa miaka kumi na sita akataja jina la mama wa kambo?

Tena hukumu zote hizo ni za mtawala na mahakama, si za umati. Kadhi wa Mombasa leo, kwa Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, anaamua hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Kesi ya uchawi si yake. Serikali nayo ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ya tangu ukoloni na ina kasoro zake, lakini jambo moja imelitambua: kumsingizia mtu uchawi ni kosa la jinai kama kujidai mchawi, isipokuwa umepeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Wengi wetu tunaijua nusu moja ya sheria hii pia.

Mnajua kwa nini nakazania. Tukivuka Mtwapa tunaingia Kilifi. Huko, na Kwale vile vile, wazee wanauawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi. Ushahidi ni mvi, au macho mekundu ya mtu aliyepikia kuni miaka sitini. Ukichimba, mara nyingi chini yake kuna shamba, mzee anakataa kuuza na vijana wana haraka. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa makimbilio ya wazee waliotishiwa maisha na watoto waliowazaa wenyewe. Haya hayakuanza jana. Miaka ya 1960 Kajiwe alivuma Umijikenda kwa kusaka wachawi, na watu walimpokea kama mkombozi. Tusijidanganye kwamba hayo ni ya wasiosali. Miongoni mwa wanaonyoosha kidole wamo kina Juma na kina Mwanaisha, kama walivyomo kina Kazungu na kina Kadzo.

Na sisi wa mtaa huu tuna sababu ya ziada ya kuogopa. Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, ikapewa jina la Bartle Frere, aliyeletwa na Waingereza mwaka 1873 kumbana Sultani Barghash wa Zanzibar afunge soko la watumwa. Walioshushwa hapa walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu waliotolewa majahazini bila mjomba wala shangazi, kila mmoja jirani wa mtu asiyemjua ukoo. Kengele iliyoipa Kengeleni jina lake ilikuwa ya kuwatahadharisha maadui wanapokuja. Leo ni wadi ya Nyali, na kwenye ua mmoja wa kupanga utakuta Mgiriama, Mkamba, Mjaluo na Mbajuni wanachota maji kwenye mfereji mmoja. Katika mtaa wa namna hiyo jina likitafutwa linamwangukia nani? Halimwangukii mwenye wana sita wenye nguvu. Linamwangukia bibi anayeishi peke yake chumba cha mwisho, aliyefiwa, asiye na wa kumtetea, ambaye kosa lake ni kuongea na kuku wake.

Basi kinga ni ipi? Hapa nitakwenda haraka, si kwa kuwa ni jambo dogo, ni kwa kuwa mnaijua. Ayatul Kursiy unapolala: Abu Hurayra alifundishwa faida yake na mwizi aliyemshika akiiba chakula cha zaka ya Ramadhani, na Mtume akamwambia kwamba mwizi yule ni shetani, lakini kwa hilo amesema kweli. Aya mbili za mwisho za Baqara usiku. Ikhlasi, Falaq na Nas asubuhi na jioni mara tatu tatu, na wakati wa kulala unazisoma ukapuliza viganjani na kujipangusa mwili, kama alivyofanya Mtume. Suratul Baqara nyumbani, ambayo imekuja katika Muslim kwamba wachawi hawaiwezi. Tende saba za ajwa asubuhi kwa anayezipata. Haya yote hayana ada, hayana miadi, na hayahitaji jina la mama yako. Ajabu ni kwamba mtu anayeona uvivu kusoma dakika tano baada ya Alfajiri yuko tayari kupanda matatu mbili na feri kwenda kununua maji yaliyosomewa na mtu asiyemjua.

Najua mtaniuliza juu ya kombe na hirizi, maana ndiko vijana wetu na wazee wetu wanakokosania. Kombe nimekuwa nikiliona tangu udogoni: sahani nyeupe ya kauri, zafarani iliyoloweshwa kwa marashi mawaridi, kijiti cha kuandikia, aya zinapita mviringo kutoka ukingoni hadi katikati, kisha maji yanamiminwa, wino wa manjano unaachia taratibu, mgonjwa anakunywa na yanayobaki anapakwa. Vijana wanasema ni bidaa. Mimi nawaambia wasome. Ibn Taymiyya, ambaye ndiye wanayempenda kumtaja, amelijuzisha, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim amelinukuu kutoka kwa baadhi ya wema waliotangulia. Kwa hiyo mzee anayemwandikia mjukuu wake Fatiha kwenye sahani, akijua mponyaji ni nani, muacheni. Kinachotia wasiwasi ni kombe lenye michoro, miraba ya tarakimu na majina yasiyojulikana ni ya malaika au ya nani.

Hirizi ni jambo jengine. Ikiwa ndani yake si Qur'ani, hakuna mjadala. Mvuje anaofungwa mtoto mchanga mkononi kwa kitambaa cheusi, kwa itikadi kwamba harufu yake inafukuza shetani, ni katika hizo zilizokatazwa, hata kama nyanya alikufunga wewe na ukakua. Ikiwa ndani ni Qur'ani tupu, masahaba walikhitalifiana: Abdullah bin Amr amepokewa kuwa akiwavisha watoto wake, na Abdullah bin Mas'ud akilikataza lote. Rai yangu ni kuiacha. Hirizi ikishashonwa haisomwi tena, aliyeivaa hajui kimeandikwa nini, anaingia nayo chooni, na siku ikikatika anakuwa mgonjwa kwa hofu tu.

Na malipo? Wasomaji wanaitegemea hadithi ya Abu Said al-Khudri, ya masahaba waliomsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge wakapewa kondoo. Ni sahihi, na Mtume akawaambia wamtilie naye fungu. Lakini isomeni yote. Watu wale walikuwa wamewanyima masahaba chakula, na kondoo walitolewa baada ya mgonjwa kuinuka akatembea. Wa kwenye nguzo ya stima anataka pesa kwanza. Msomaji anayemfungia mlango mwanamke peke yake, au anayemshika pasiposhikika kwa kisingizio cha kumtoa jini, huyo si msomaji, na mahali pake ni kituo cha polisi. Mume au ndugu akae ndani mpaka mwisho, na msomaji akikataa, ondokeni.

Halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi au mdhalimu, nitaigusa tu. Aliyedhulumiwa ana haki ya kumlilia Mola wake, na dua yake haina pazia. Lakini kuwafanya watu wa Badri kuwa askari wa kutishia kila simu inapopotea sokoni, huku tukingoja nani atavimba tumbo ili tujue mwizi, ni kule kule kutafuta jina, tumebadilisha mlango tu.

Kuna kinga nyengine ambayo ni balaa kuliko uchawi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana walishambulia kituo cha polisi cha Likoni. Walikuwa wamelishwa kiapo huko Kaya Bombo na kuaminishwa kwamba risasi haitawaingia. Ufisadi wa siasa uliokuwa nyuma yake mnaujua. Kinga ile haikumgeuza yeyote kuwa chuma. Ilichowaachia watu wa Likoni ni makaburi, vibanda vilivyochomwa, na majirani wa bara waliokimbilia uwanja wa kanisa na watoto mgongoni. Kusini yetu, mwaka 1905, Kinjikitile wa Ngarambe aliwapa watu maji dhidi ya bunduki za Wajerumani. Wale angalau walikuwa wanadai haki yao. Suratul Jinn, aya ya 6, inawataja wanadamu waliokuwa wakijikinga kwa majini, wakawazidishia uovu na uzito. Mtu anayeamini kwamba hadhuriki ni mwepesi wa kudhuru.

Na maradhi. Mama zangu, hili ni lenu zaidi. Mtoto akipata homa kali, macho yakageuka, viungo vikakakamaa, wazee wetu waliita nyuni, wakamfukiza na kumfunika. Hiyo ni degedege, na pwani yetu mara nyingi nyuma yake ni malaria iliyopanda kichwani. Ina saa chache. Msomee Falaq na Nas ndani ya tuktuk, lakini tuktuk iwe inaelekea hospitali. Mwenye kifafa vile vile: yuko mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume akilalamika kwamba anaanguka na kufunuka. Mtume alimpa hiari ya kusubiri kwa malipo ya Pepo au kuombewa apone, naye akachagua kusubiri akaomba asifunuke. Hakuambiwa kwamba karogwa na wifi yake. Na mwenye kusikia sauti, mwenye kujifungia chumbani miezi, Hospitali ya Port Reitz kule Changamwe ina madaktari wa akili. Kumpeleka si kukosa imani. Aliyetuamrisha kujitibu ndiye aliyetufundisha Muawwidhatayn, yaani Falaq na Nas.

Swali moja najua litakuja, wacha nilijibu kabisa kabla ya adhana. Mtu ameamka, anafagia mlangoni, anakuta kitu kimefukiwa kizingitini: kitambaa chekundu na cheusi kimefungwa, kifuu chenye nywele, au yai limeandikwa. Afanye nini?

Usikiruke kwa mayowe, na usipige picha ukaitia kwenye kundi la mtaa. Soma Ayatul Kursiy, Falaq na Nas. Kitoe, ukifungue mafundo ukiwa unasoma. Ukikuta ndani mna aya za Qur'ani, zichome kwa heshima na majivu uyafukie pasipokanyagwa; mengine yatupe mbali. Osha mikono. Isomee nyumba Baqara usiku huo, na ikiwa una mgonjwa, mpeleke pia kwa daktari. Usiende popote kuulizia. Mwanao akikuuliza ni nani kaweka, mwambie hujui, maana kwa hakika hujui. Na ikiwa yule bibi wa chumba cha mwisho anapita wakati huo na ndoo yake, msalimie kama ulivyomsalimia jana, umsaidie na ndoo ikiwa ni nzito.

Maswali mengine yaliyoandikwa nitayapokea baada ya sunna ya Isha, Inshallah.